Bandiko la Elfu Moja

Tuanzie mlangoni, kwa kuwa ubaya wote wa habari hii ulitundikwa mlangoni, mahali pa kila mpita njia kuuona.

Huko Japani kila nyumba ina kibao cha jina. Si kikubwa, kinatosha kiganja tu, nacho hugongwa ukutani kando ya lango ili mleta barua asipotee. Kibao cha akina Iwabuchi, katika mji mdogo wa Kurosato kule kaskazini ambako theluji hufika madirishani, kilichongwa kwa mwerezi na mzee wa nyumba siku alipopata mtoto wa kiume. Mvua na baridi ya miaka yote ile ilikuwa imekifanya cheusi kama kitako cha sufuria. Chini yake, tangu ipite Sheria ya Majina, ile ya kumtaja hadharani kila aliyeandika ubaya bila jina mtandaoni, Idara ya Majina ilikuwa imebandika kioo. Kila nyumba ilibandikwa chake. Kikawa kioo cheusi, kimya, na mtu akijaliwa alikufa hajakiona kikiwaka.

Asubuhi ile Chiyoko alitoka na beleshi kusukuma theluji, akaikuta theluji ya mbele ya lango lake ina rangi ya chungwa bivu. Alitazama juu kwanza, akidhani ni jua. Kisha akageuka nyuma. Kioo kilikuwa kinawaka.

"Iwabuchi Chiyoko, mjane, miaka sitini na miwili, aliandika bila jina: Umechakaa. Hakuna anayekuuliza umekula nini. Ukifa leo watajua kwa harufu."

Aliyasoma, akayarudia. Maneno yalikuwa yake kweli. Alikumbuka hata siku aliyoyaandika, na shuka zilizokuwa zinachuruzika maji bafuni siku hiyo. Lakini yalikuwa yamekatwa mkia, kama samaki wa dukani, na mkia ndio uliokuwa na maana.

Alivua skafu shingoni akakifunika kioo. Kioo kikasema, kwa sauti ya msichana mpole: "Tafadhali usifunike maneno yako." Akaiondoa skafu.

Ng'ambo ya barabara jirani yake, Bwana Sugaya, alikuwa naye anasukuma theluji. Miaka yote walikuwa na desturi yao: yeye husukuma mpaka kwenye nguzo ya taa, Chiyoko husukuma mpaka kwenye nguzo ya taa, wakikutana hapo huulizana habari za magoti. Siku hiyo Bwana Sugaya alifika hatua chache kabla ya nguzo, akainama kidogo bila kutazama juu, akarudi kwake. Kati yao kikabaki kichuguu cha theluji kisicho na mwenyewe.

Saa mbili na nusu lilikuja basi dogo la kuwachukua wazee kwenda kushinda kituoni. Bi Tome, mama mkwe wake Chiyoko, alikwisha kuvishwa koti, mkoba umening'inia shingoni, amekaa kwenye kibaraza cha kuvulia viatu. Dereva alishuka, akakisoma kioo, akainama mpaka kofia ikataka kumdondoka.

"Samahani sana, Bi Iwabuchi. Kanuni ya kampuni. Nyumba yenye kioo kinachowaka haturuhusiwi."

"Anayepanda ni mama. Kioo kimeniandika mimi."

"Ndiyo. Samahani sana." Akainama tena, akapanda, akaondoka.

"Chiyo," aliita Bi Tome kutoka ndani, "gari limenisahau?"

"Limeharibika, Mama."

"Mbona nalisikia linaondoka?"

"Limeharibika likiwa linaondoka."

Bi Tome alilifikiria hilo. Alikuwa na miaka tisini, na akili yake ilikuwa kama redio ya zamani, mara inashika, mara inapotea. "Magari ya siku hizi," alisema, akaanza kujivua glavu.

*

Bwana Munakata wa Idara ya Majina alifika alasiri na boksi la keki za maharage, maana kule mtu haingii kwa watu mikono mitupu hata akija kuibomoa nyumba. Alivua viatu, akavigeuza vitazame mlango, akaketi kwenye meza yenye moto chini na mfarishi juu, akaingiza miguu kwa adabu. Alikuwa kijana wa miaka arobaini hivi, kucha safi, sauti ya mtu asiyewahi kumkatiza mwenzake.

"Huyu amekuja kuposa?" aliuliza Bi Tome.

"Hapana, Mama."

"Basi keki za nini?"

Munakata alitabasamu, akamsogezea Bi Tome keki moja, kisha akamgeukia Chiyoko. Alisema kuna binti anaitwa Otsuji Mio. Alikuwa na miaka kumi na tisa, anasoma utabiri wa hali ya hewa katika runinga ya mkoa. Siku moja, baada ya habari za ajali ya basi, kamera ilimdaka akicheka. Mtu wa taa alikuwa amejikwaa. Sekunde mbili za kucheka. Kwenye Ubao, ule wa mtandaoni ambako watu huandika bila jina, walimrukia kama nyuki. Maneno yale ya kioo yalibandikwa na kubandikwa tena, jina lake likiwa limewekwa mbele, mpaka hakuweza kufungua simu bila kukutana nayo. Sasa alikuwa amejifungia chumbani mwaka wa pili, hali chakula mpaka mama yake aondoke mlangoni.

Chiyoko alishika kikombe chake asikinyanyue. "Sikumwandikia yule mtoto. Niliyaandika kabla sijasikia hata jina lake. Nilijiandikia mwenyewe."

"Mizani, mashine yetu, imekutaja wewe kwa asilimia tisini na sita."

"Hiyo Mizani ilinionea wapi?"

"Mizani haisomi maneno peke yake, Bi Iwabuchi, inasoma mwendo. Mtu akiandika, kidole husita mahali, hukimbia mahali. Ubao ulihifadhi misito hiyo yote tangu ulipoanzishwa, bila kujua unahifadhi nini. Sisi tumeifundisha mashine kuwatambua watu kwa misito yao, kama mnavyotambua hatua za mtu ngazini kabla hajabisha." Alifuta midomo. "Sasa, aliyembandikia binti Otsuji hakusita popote, kwa sababu alinakili tu. Kunakili hakuna mwendo. Mizani ilipokosa mwendo ikatafuta mpangilio: nani katika nchi hii hutaja chakula kabla ya kutaja kifo? Uliandikia halmashauri ya mji malalamiko ya gari la theluji kuchelewa. Ukaanza na walichokula watoto wa shule asubuhi ile. Ndipo ikakupata."

"Kwa hiyo unajua kwamba mtu mwingine alinakili."

"Kati yetu, nadhani hivyo."

"Basi zima kioo."

"Kioo hakizimwi kwa kudhani, Bi Iwabuchi."

"Kumbe huwashwa kwa kudhani, ila kuzimwa ndiyo taabu."

Munakata aliinamisha kichwa, kama mtu aliyekubali sifa. Kisha akatoa mfukoni kibao chembamba cha kutilia kidole, akakiweka mezani katikati ya keki.

"Maneno ya asili yamo katika uzi wa walezi, yale mazungumzo yenu ya Ubaoni yenye kufuli. Sheria inataka idhini ya mwenye ufunguo mmoja tu. Ukiweka kidole hapa, Mizani itaingia, itayaona maneno yako yalivyokuwa, na tarehe yake. Kioo kitazimika siku hiyo hiyo. Basi litarudi."

"Na wenzangu walio humo?"

"Mizani haiwezi kusoma bila kutaja. Wote watapata majina yao."

"Na waliyoyasema yataenda vioo vyao."

"Yakionekana yanadhuru."

Chiyoko alikitazama kile kibao. Akaelewa, pole pole, kama mtu anavyohisi maji yakiingia kwenye kiatu. Mtu huyu hakuwa na shida ya kujua nani alimtesa binti Otsuji. Alitaka uzi. Na yeye Chiyoko alikuwa ameunguzwa ili akimbilie kwenye maji aliyochimbiwa.

"Nisipoweka kidole?"

"Aprili kanuni mpya inaanza, hatutahitaji ufunguo wa mtu. Ila huyu mama..." Alimtazama Bi Tome, aliyekuwa analamba maharage vidoleni. "Mtu mwenye kioo kinachowaka hahesabiwi kuwa mlezi anayefaa. Ijumaa asubuhi atahamishiwa Makao ya Wazee, upande wa pili wa mlima. Ni pazuri. Wana roboti za kisasa."

"Zinajua kwamba hanywi uji ukiwa na ngozi juu?"

"Naweza kuandika hilo," alisema Munakata, na kweli akaandika.

*

Ubao ule ulikuwa mkongwe kuliko watu wengi walioutukana. Mtu akiingia hakuulizwa jina. Alipewa lile la wote, Bila Jina, na kesho yake hata mwendelezo wake ulifutika, akaanza upya kama mtoto mchanga. Walikuwepo humo wachonganishi, waongo, na watu wa kutukana mchana kutwa kwa sababu bosi aliwatukana asubuhi. Lakini palikuwa na desturi. Mgeni husoma kimya nusu mwaka kabla ya kufungua mdomo. Uzi mmoja huchukua mabandiko elfu moja, basi, hujifunga. Anayeangukia bandiko la mia tisa na hamsini ndiye mwenye zamu ya kufungua uzi mpya na kuufunga nyuma ya ule wa zamani. Mnyororo ukikatika, hakuna aliyeuendeleza, mashine ya Ubao hufagia wote, wa mwisho hadi wa kwanza, usibaki hata uzi wa kushonea kifungo. Na bandiko la elfu moja lenyewe watu hulipigania kama abiria kiti cha mwisho, kwa kuwa wanasema mwenye kulipata akiomba jambo, linakuwa.

Uzi wa walezi uliitwa "Tunaolea Wazee, Piteni Chini." Humo kila mtu aliandika neno "shusha" kando ya bandiko lake, ili uzi usipande juu ukaonwa na wapita njia. Hawakuwa wengi. Walikuwa watu wa sentensi moja kwa siku, mikono ina sabuni.

Chiyoko alikuwa ameingia humo baada ya kumzika mumewe, alipobaki na mama wa mumewe. Asubuhi moja ya baridi, amekwisha kufua shuka mara mbili kabla ya mapambazuko, alijiona kwenye kioo cha bafuni, akachukua simu akaandika: "Umechakaa. Hakuna anayekuuliza umekula nini. Ukifa leo watajua kwa harufu. Haya, amka. Weka maji jikoni." Akaongeza "shusha", akaenda kuweka maji jikoni.

Aliporudi akakuta watu saba wamejibu. Wote waliandika kitu kimoja: "Maji nimeweka."

Tangu hapo ikawa ndiyo salamu yao. Wa kwanza kuamka huyabandika maneno yale, wengine hujibu maji nimeweka, na asiyejibu huulizwa. Mpaka siku moja mgeni, kwa furaha ya kuyakuta, akayabandika akasahau shusha. Uzi ukapanda juu, ukakaa juu nusu siku, watu wa nje wakapita wakachota walichotaka. Ndipo walezi walipoomba kufuli. Mgeni yule aliomba radhi wiki nzima mpaka wakamwambia aache, anajaza uzi.

Na palikuwa na yule wa viazi vitamu. Hilo silo jina. Walimwita hivyo kwa sababu kila siku aliandika kama baba yake amekula kiazi kizima au nusu. Mwaka mmoja nyuma aliingia akaandika kwamba ameshika mto, ameuweka juu ya uso wa baba yake, ameuondoa, na sasa amekaa sakafuni hajui mikono yake aiweke wapi. Hawakumwita muuaji, wala hawakumpa hotuba. Mmoja alimuuliza nyumbani mna viazi. Akasema vipo. Wakamwambia avichemshe, aeleze kila hatua. Wakakaa naye mpaka kukapambazuka, wakibishana kuhusu chumvi. Baba yake alikula nusu.

Jina lake likiwekwa kioo, baba angeondolewa kabla ya chakula cha mchana, na yeye angefungwa. Chiyoko hakuwa na haja ya sheria kumweleza.

Kesho yake Bi Tome alipolala mchana, Chiyoko aliketi jikoni akaandika yote: kioo, basi, keki, Ijumaa. Akamaliza: "Nimewaambia ili mjue. Sijaweka kidole." Bandiko lilikuwa la mia tisa na kitu.

"Weka," alijibu mmoja. "Mimi sina cha kuficha ila kofi moja nililompiga mama, na nimejipiga mwenyewe tangu hapo."

"Ambaye hana cha kuficha asiseme ana kofi moja."

"Acheni ushujaa wa kwenye sinema. Mwenzetu, weka kidole ulale. Sisi tutajijua."

"Utajijua wewe, usijue kwa niaba yangu. Mimi nina watoto shuleni."

"Wakubwa wa nchi walifunga mashine juu ya choo chetu halafu wanatuuliza kwa nini kuna harufu."

Walibishana hivyo mpaka usiku, wakali, wenye kejeli, kama ndugu waliokusanyika kugawana vyombo vya marehemu. Kisha likaja bandiko la mia tisa na hamsini.

"Limeniangukia mimi. Ni zamu yangu kufungua uzi mpya. Siufungui. Mwenzetu ndiye anayeungua. Yeye ndiye aamue kama nyumba hii ibaki au ifagiwe. Baba leo amekula kiazi kizima."

*

Siku ya Jumatano mwanawe, Kengo, alipiga simu kutoka Osaka. Alikuwa ameona jina la mama yake kwenye orodha ya mkoa, na ofisini walikuwa wameanza kumsalimia kwa sauti ya chini.

"Mama, weka kidole. Hao watu huwajui hata majina."

"Hata wao hawalijui langu. Ila nisipoamka asubuhi, wao wanauliza."

"Hiyo ni kunipiga, Mama."

"Ni kukujibu. Umekula?"

Alipokata simu, Chiyoko alitoka kumwaga maji, akamwona mwanamke ng'ambo ya barabara, amesimama kando ya kichuguu kile cha theluji kisicho na mwenyewe. Alikuwa amevaa koti la kazini la kiwanda cha samaki, viatu vya mpira, na hakuwa na mwavuli ingawa theluji ilianguka. Hakuwa anamtazama Chiyoko. Alikuwa anasoma kioo.

"Wewe ni mama yake Mio," alisema Chiyoko, akikisia.

"Ndiyo, Otsuji." Hakuinama. Mtu asiyeinama kule ni kama mtu aliyetema mate. "Nimekuja kuona mkono ulioandika."

Chiyoko aliweka ndoo chini. Angeweza kusema si mimi, na ingekuwa kweli. Lakini alipofungua kinywa akaona ukweli huo ni mdogo, hautoshi kumfunika yule mwanamke.

"Maneno ni yangu. Kwa mwanao haukuyapeleka mkono wangu. Niliyasema kwa mtu mmoja, aliyekuwa kwenye kioo cha bafuni kwangu, na aliyeyaiba aliyakata."

"Mnasema hivyo wote."

"Wote kina nani?"

"Nimekwenda nyumba sita. Kila mmoja ameibiwa, ametaniwa, alikuwa amelewa." Sauti yake haikupanda; ndiyo ilikuwa mbaya zaidi. "Mwanangu anajinusa, Bi Iwabuchi. Anaoga mara nne kwa siku, halafu ananiuliza nyuma ya mlango: Mama, ninanuka? Nani kati yenu atamjibu?"

Hasira yote ambayo Chiyoko alikuwa ameilea tangu siku ile, ya Munakata, ya basi, ya Sugaya, ilisimama mbele ya mwanamke huyu ikakosa pa kukaa. Kisha ikapata pa kukaa. Kumbe Idara ilikuwa imemzungusha mama huyu nyumba sita kwenye theluji, imempa vioo sita vya kusoma, na hakuna hata kimoja kilichomsaidia mwanawe kufungua mlango.

"Wamekuonyesha mwisho wake?" aliuliza.

"Mwisho wa nini?"

"Wa maneno. Yanaendelea. 'Haya, amka. Weka maji jikoni.' Hapo ndipo yanapoishia. Mtu akiyasoma asubuhi anajibu: maji nimeweka."

Bi Otsuji alikaza macho kwenye kioo, kana kwamba mstari ule ungetokea. Theluji ilikuwa imemjaa mabegani.

"Una ushahidi?"

"Ninao. Nikiutoa, nitawatoa na watu ambao hawakumkosea mwanao chochote."

"Mimi hao si shida yangu."

"Najua. Nami ningekuwa wewe ningesema hivyo."

Bi Otsuji akageuka akaenda zake bila kuaga. Alipofika kwenye nguzo ya taa alisimama kidogo. Midomo ilikuwa inatikisika, kama mtu anayejaribu kushika namba ya simu kichwani.

*

Ijumaa Chiyoko aliamka mapema, akamwosha Bi Tome, akamvalisha fulana mbili na soksi za sufi. Akaketi jikoni akafungua uzi.

Mabandiko yalikuwa yamekwenda mbio. Watu walikuwa wameandika moja moja, mafupi, ya kuagana bila kusema wanaagana. Mama leo ameniita kwa jina langu. Bibi ametoroka, tumemkuta anapanga foleni benki. Mimi wa kofi, nimempaka mafuta mgongoni, amelala. Wa viazi vitamu aliandika: "Nusu." Mia tisa tisini. Mia tisa tisini na tano. Na kila bandiko lilikuwa na "shusha" kando yake, hata sasa.

La mia tisa tisini na tisa lilisema: "Maji nimeweka. Kiti cha mwisho ni cha mwenzetu."

Baada ya hapo hapakuwa na kitu.

Chiyoko alitazama saa ya bandiko lile. Lilikuwa la tangu jana mchana. Tangu jana mchana, mahali ambapo watu hupigania bandiko la elfu moja kwa viwiko, hakuna aliyeligusa. Na kila mmoja wao angeweza. Ilitosha herufi moja. Mwenye watoto shuleni angeandika herufi moja, mnyororo ungekatika, siri yake ingefagiwa, na Chiyoko angebaki na kioo chake milele bila ushahidi wa kukizima. Wa viazi vitamu, mwenye mengi ya kupoteza kuliko wote, alikuwa amekesha na simu mkononi asiguse. Walikuwa wamemwachia yeye, mtu wasiyemjua jina, shingo zao.

Idara yenye majina yote ya nchi haikuwahi kumwamini mtu kiasi hicho.

Kile kibao cha Munakata kilikuwa bado mezani, karibu na boksi la keki tupu. Alikichukua akakitia kwenye droo ya vijiko. Nje alisikia gari likipunguza mwendo, matairi yakisaga barafu.

"Chiyo," aliita Bi Tome, "uji."

"Unakuja, Mama."

Aliandika akiwa amesimama, kwa kidole kimoja, akasita pale anaposita siku zote. "Haya, amkeni. Wekeni maji jikoni." Hakuandika shusha. Hapakuwa tena na wa kujificha.

Bandiko la elfu moja likakaa. Uzi ukajifunga. Chini yake palikuwa patupu, hakuna uzi mpya, na kwa muda kama wa mtu kumeza mate mnyororo mzima ulibaki hapo, miaka yote ile ya shuka na viazi. Kisha skrini ikawa nyeupe.

Munakata alibisha. Nyuma yake walisimama wauguzi wawili na kiti cha magurudumu. Alikuwa ameshika simu, na kwa mara ya kwanza uso wake haukuwa na adabu.

"Uzi umefutika. Unaelewa ulichofanya, Bi Iwabuchi? Huo ulikuwa utetezi wako wa pekee. Kioo hiki hakizimiki tena, sasa wala baadaye."

"Naelewa."

"Kwa ajili ya watu usiowajua."

"Ninajua wanachokula," alisema Chiyoko.

Munakata aliinua mguu aingie. Ndipo sauti ikatoka nyuma yake, langoni. Bi Otsuji alikuwa amesimama pale na koti lake la kiwandani, pembeni ya kioo.

"Bwana wa Idara, kwa nini mlikata?"

Munakata aligeuka, akainama. "Bi Otsuji. Hatukukata sisi. Ndivyo yalivyomfikia binti yako."

"Mlijua kwamba yana mwisho?"

"Ilikuwa dhana tu. Kitaratibu..."

"Mlijua." Hakupandisha sauti hata sasa. "Mmenizungusha nyumba sita na hamkuniambia. Jana nilisema huo mwisho mlangoni kwa mwanangu. Hakufungua. Lakini sikusikia maji ya kuoga tena mpaka nalala. Miaka miwili mimi namtafuta wa kumpigia magoti, na kilichokuwa kinatakiwa ni mstari mmoja, nanyi mlikuwa mmeukalia."

Wauguzi walitazama viatu vyao. Ng'ambo, Bwana Sugaya alikuwa amesimamisha beleshi hewani. Munakata akatazama saa yake.

"Tutalizungumza ofisini," alisema. "Sasa, Bi Iwabuchi, mama awe tayari tafadhali. Gari linasubiri."

Chiyoko alikuwa ameshika mwiko. Jikoni sufuria ilikuwa imeanza kuchemka, na ngozi ya uji ilikuwa inataka kukaa juu. Alitakiwa aiondoe sasa hivi au Bi Tome asinywe.

"Atamaliza uji kwanza," alisema.

"Bi Iwabuchi, ratiba..."

"Nawe utasubiri hapo hapo nje, chini ya kioo. Kikisema usikifunike, usikifunike."

Akavuta mlango, akaufunga, akarudi kwenye sufuria.